Uzi Uliobaki Juu ya Fundo

Mama alipochukua uzi na kuanza kupima kitu, sisi watoto tulijua kitu hicho kinakaribia kuondoka nyumbani.

Redio ilitangulia. Alipima redio upana, akapiga fundo. Akapima urefu wa kwenda juu, akapiga fundo la pili. Akapima hata vile vifungo viwili vya kuzungusha, cha sauti na cha stesheni, akapiga mafundo madogo. Kisha aliutia uzi katika kopo la maziwa ya unga, akaketi mlangoni na kroshe yake, ile sindano yenye ndoana kichwani, akaanza kufuma. Jumamosi iliyofuata mtu alikuja na baiskeli, akaifunga redio yetu nyuma kwa mpira, akaenda zake. Tulipogeuka tukaona juu ya kabati kuna redio nyingine ya rangi ileile ya kijivu, kimo kilekile, na shanga mbili nyeusi pale pa kuzungusha. Ilikuwa ya lene, uzi wa sufu alioufumua kwenye jezi kuukuu za mitumba.

Ili isinywee, alikuwa ameiloweka katika uji mwepesi wa unga wa muhogo, akaivalisha ile redio ya kweli na kuianika juani mpaka ikakauka na kukakamaa. Ndiyo maana ilibidi afanye kazi yake mapema, wakati kitu kingali ndani. Kikishaondoka, utakausha juu ya nini?

Hiyo ilikuwa Kolwezi, katika mtaa wa nyumba za matofali uliojengwa na kampuni kwa ajili ya wafanyakazi. Papa alikuwa fundi wa magari ya moshi ya kubebea mawe ya shaba. Babu alikuwa ameletwa kutoka Kasai kufanya kazi hiyohiyo, na hakuna aliyedhani kwamba siku moja kampuni itakaa miezi na miezi bila kulipa mtu. Ikakaa. Basi vitu vya nyumbani vikaanza kutoka kimoja kimoja, vikaliwa.

Sitaki mtu adhani mama yangu alikuwa mwanamke wa huzuni. Alikuwa mtundu kuliko sisi watoto wake wanne. Hata zamani, mishahara ilipokuwa inakuja, siku ya kwanza ya mwezi wa nne, siku ya kudanganyana, alimwandalia papa sahani ya bukari, yaani ugali, ya lene nyeupe na samaki tomsoni wa lene ya samawati mwenye jicho la ushanga mwekundu. Papa alinawa mikono, akaomba baraka, akamega. Alicheka mpaka akatoka nje. Yule samaki alikaa kabatini miaka mingi, akitolewa kwa ajili ya wageni wenye njaa na majivuno.

Kwa hiyo redio ya lene haikuwa msiba. Saa moja jioni papa alikuwa anaketi kitini na kumwambia mama, "Mama, fungula redio, saa ya habari inafika." Mama alizungusha ushanga. Papa akabadili sauti, akaifanya ya puani.

"Hapa ni Kolwezi. Mutoto moja ya hii nyumba alilamba sukari ya mama yake. Jina yake tunaificha, lakini mudomo yake inang'aa."

Sote tuligeuka kumtazama mdogo wangu, naye akajipangusa mdomo. Habari za papa zilikuwa za kweli kuliko za redio ile nyingine, na hazikuhitaji betri.

Baada ya redio ikaja pasi. Baada ya pasi, friji. Friji ilikuwa kubwa mno, mama akafuma mlango wake tu, mweupe, wenye mkono wa shanga za kijivu, akautundika kwa misumari ukutani palepale friji iliposimama. Tuliufunua na kuuliza nani anataka limonadi, na papa alikemea kwamba tufunge upesi, baridi inatoka. Baada ya friji ikaondoka cherehani ya mama mwenyewe. Hiyo aliifuma wiki tatu, pamoja na gurudumu lake, pamoja na sindano. Siku ilipochukuliwa hakutania na mtu. Alikaa mbele ya ile ya lene, akaweka mguu chini kama mtu anayekanyaga, akauondoa.

Nilikuwa na miaka kumi aliponiita mimi.

"Kuya hapa. Simama muzuri, bisigino ku ukuta."

Mkononi alikuwa na uzi.

Nilikimbia. Nyumba ile haikuwa tena na mahali pa kujificha, vitu vyote vilikuwa vimeondoka, nikaingia nyuma ya mlango wa friji, nikabana mgongo ukutani na lene ikinichoma pua. Nilisikia ndara zake zikija bila haraka.

"Nani aliacha friji wazi?" akasema. Akafunua. "Ah. Kumbe kuko nyama humu ndani."

Sikucheka. Nilipiga kelele, "Mi siendi! Mi hapana redio!"

Uso wake ulibadilika. Aliketi sakafuni, pale chini ya friji yake ya uongo, akanivuta nikakaa mapajani ingawa nilikuwa nimeshapita umri wa kupakatwa.

"Nani alisema uko redio?"

"Unanipima."

Hakukana. Hilo ndilo nililolibeba miaka yote, kwamba hakukana. Aliniambia nitaenda Dilolo, mpakani, kwa dada yake papa ambaye alikuwa anafanya biashara ya vitenge na samaki wa chumvi kutoka Angola. Shangazi ana nyumba, ana chakula, atanilipia masomo. Hapa masomo hayapo, nilikuwa nimeshafukuzwa darasani mara mbili.

"Kwa nini mi? Kwa nini hapana bengine?"

"Juu wewe njo unajua kusoma kupita bote."

Kwa mtoto wa miaka kumi hilo ni jibu baya. Nilitamani kuwa mjinga.

Akanisimamisha ukutani. Alikuwa na nyuzi mbili nyekundu, amezikata sawasawa, akazitundika pamoja kwenye msumari mmoja kando ya mlango wa jikoni, zikashuka mpaka sakafuni. Alibonyeza kiganja utosini kwangu, akapiga fundo katika nyuzi zote mbili, pale nilipoishia. Juu ya fundo uzi uliendelea kwenda hadi kwenye msumari. Akaushika.

"Hii yenye inabakia juu, njo ya kukomea," akasema, yaani ya kukua. "Moja ya kwangu, moja ya kwako. Kila wakati utaniambia: bidole ngapi juu ya fundo."

Uzi wake aliutia katika kopo la maziwa, pamoja na ule wa redio, wa pasi, wa friji na wa cherehani. Niliuona ukiingia. Wangu aliuzungusha kidoleni, akaufunga katika ncha ya kitambaa changu, na Jumanne papa akanipakia kwenye gari la moshi. Mtu mzima anayenisoma atasema ni mtoto tu aliyepelekwa kusoma kwa shangazi yake, wako elfu na elfu. Ni kweli. Lakini mimi nilikuwa nimekaa dirishani nikijiuliza kama jioni ile kuna mtu ataketi kitini pangu, na ameshakaushwa juu ya nini, maana mimi hakunivalisha kitu.

Shangazi alinipokea vizuri. Hata leo siwezi kumsema. Nilitundika uzi wangu nyuma ya mlango, ncha ya chini ikigusa sakafu, na kila Jumapili baada ya misa shangazi alinipa simu.

"Bidole ngapi?" Hilo ndilo lilikuwa swali la kwanza la mama.

"Mbili."

"Bidole yako ao ya tantine?" Tantine alikuwa shangazi.

"Yangu."

"Aksanti Mungu. Papa, sikia, bidole mbili!" Na nyuma yake nilimsikia papa kwa sauti ya puani akitangaza vidole viwili kwa wananchi wa Kolwezi.

Mwanzo nililipenda swali lile. Nilikaa wiki nzima nikijinyoosha. Lakini mwaka wa tatu niliugua malaria, nikalala siku sita, nikasahau hata jina la mwalimu. Siku ya saba ilikuwa Jumapili. Simu ikaletwa kitandani, nami nilikuwa nimejiandaa kulia, nilikuwa na machozi yake tayari. Mama hakujua kwamba nimeugua, mtandao ulikuwa umekatika wiki yote. Akauliza, "Bidole ngapi?"

Machozi yakarudi yalikotoka. Niliona lile kopo, niliona mafundo. Nikajisemea, huyu anapima tu, huyu tangu zamani ni kupima tu.

"Niko palepale," nikasema.

"Palepale? Hata kidole moja?"

"Palepale."

Jumapili iliyofuata nikasema hivyohivyo, na nyingine, na nyingine. Wazee wanasema hasira hasara, nami nilikuwa naisikia methali hiyo kama maneno ya kupamba khanga. Nilikuwa narefuka kama mhindi wa masika. Sketi za shule zilikuwa zinapanda juu ya magoti kila muhula, shangazi akinung'unika, nami nikiishika simu kila Jumapili na kusema palepale.

Kisha likaja furushi. Dereva wa lori alilileta kutoka Kolwezi, limefungwa kwa kamba, na ndani yake mlikuwa na unga wa soya, karanga, na ndagala wakavu katika mfuko wa plastiki uliofungwa mara tatu. Dereva alikuwa ameagizwa maneno, akayatoa kama yalivyo: "Mama yako anasema ukule yote. Usigawie mutu. Bintu hii inasaidia batoto benye hawakomee."

Shangazi alinitazama kuanzia chini mpaka juu, na safari ilikuwa ndefu. "Nani hakomee? Huyu? Huyu atanibomolea mulango!"

Alicheka mpaka akakaa. Mimi nilikula ule unga wa soya wote, uji asubuhi na uji jioni. Hapo ndipo ningesema. Kinywa kilikuwa wazi, kijiko mkononi, ningesema, mama nilikudanganya. Lakini mtu aliyedanganya mwaka mzima anaona haya kuliko aliyedanganya siku moja, na kila Jumapili ninayonyamaza inaongeza haya ya Jumapili inayofuata. Akaomba picha, ya kusimama, akasisitiza, mwili mzima na viatu. Nikamtumia ile ndogo ya kitambulisho, ya kichwa na mabega.

Baadaye aliacha kuuliza. Alikuwa anasema, "Uko muzuri?" nami nasema niko muzuri, kisha tunasikilizana tukipumua. Wakati mwingine nilihisi kuna swali limesimama pale mdomoni mwake, analishika lisitoke. Nilimaliza shule. Nikapata kazi ya kuandika karatasi za mizigo mpakani. Kila mwaka nilisema mwaka huu nitaenda Kolwezi, na kila mwaka gari la moshi lilikuwa limeharibika, au barabara imekatwa na mvua, au mimi mwenyewe sikutafuta sana. Nilimkumbuka mama kwa namna ya kuudhi. Nikiona kopo la maziwa dukani naondoka. Nikiona mama wa watu kaketi mlangoni na kroshe nasimama mbali, namwangalia vidole mpaka aniulize kama nataka kununua.

Alikufa ghafla, nikiwa na miaka ishirini na mbili. Moyo, papa alisema kwenye simu, na alisema kwa sauti yake ya kawaida.

Nilisafiri siku mbili juu ya mizigo ya lori. Kolwezi niliikuta imebanwa na magari makubwa ya madini, vumbi mpaka kwenye kope, na vilima vya udongo mahali tulipokuwa tunachuma mboga. Kwetu kilio kilikuwa siku ya tatu. Walikuwa wamekwisha kumzika.

Wajomba walikuwa wamefika kutoka Kasai, na kama desturi ilivyo waliketi kugawana vitu vya dada yao. Sahani zilitolewa, vitambaa vikatolewa. Mjomba mkubwa akauliza, "Na mashini yake ya kushona, iko wapi?" Alikuwa amesikia habari zake tangu zamani.

Papa alionyesha pembeni. "Ile pale. Beba."

Mjomba alikunja mikono ya shati, akainama, akaikumbatia cherehani kwa nguvu zote za mtu anayenyanyua chuma. Ikamjia yote usoni, nyepesi, naye akaanguka kitako nayo kifuani. Kilio kizima kikacheka. Wamama walicheka wakishikana mabega, na kicheko kilikuwa hakijaisha kilipogeuka. Hata mjomba alilia pale chini, akiwa bado ameikumbatia.

Watu walipopungua nikaenda jikoni kunywa maji. Pale mezani, kwenye kigoda changu, mtoto alikuwa amekaa.

Uso ulikuwa wa lene ya kahawia, macho ni shanga, nywele zimesukwa mistari minne kama nilivyosukwa siku ya safari. Mwili na mikono ni ya mtoto wa miaka kumi. Lakini miguu! Miguu ilishuka kutoka kwenye kigoda, ikatambaa chini ya meza, ikatokea upande wa pili. Ilikuwa ya mistari, mstari mwekundu, juu yake wa kijani, kisha wa manjano, kila mstari upana wa vidole viwili au vitatu. Nilihesabu. Niliitambua kila Jumapili niliyosema kweli kwamba nimeongezeka.

Kisha mistari ilikoma, yote kwa pamoja. Hapakuwa na nyayo. Pale mguu ulipoishia palikuwa na kitanzi kimoja cha uzi, hakikufungwa, kimeshikwa kwa pini ya nepi kisifumuke. Mguu wa pili vilevile. Na bonge la lene ya samawati lilikuwa limening'inia hapo, limejaa vumbi.

Papa aliingia, akasimama nyuma yangu.

"Wakati uliondoka, akamukalisha hapo," akasema. "Batoto bakasema, asiyekuwepo na lake halipo, tukule sehemu yake. Mama akakatala. Kila siku alikuwa anamuwekea sahani."

"Nilimudanganya, papa. Nilikuwa nakomea."

"Tulijua."

Niligeuka.

"Tantine yako alituambia zamani, siku ya ile soya. Mi nikamuambia mama, sasa ongeza basi, mutoto ni murefu. Akasema hapana. Akasema, ule mwenyewe ataniambia." Alimgusa yule mtoto wa lene mguuni. "Bintu yote ya humu nyumbani alifunga fundo kwa mwisho. Redio, friji, yote. Wewe hakufunga. Alikuwa anangojea."

Katika kopo la maziwa zilikuwemo nyayo mbili ndogo zenye viatu vyeusi na vifungo vya shanga, na uzi wake mwekundu. Wangu nilikuwa nimekuja nao katika ncha ya kitambaa changu. Huo sikuwahi kuutupa, hata nilipokasirika. Papa akautundika wa mama kwenye ule msumari wa kando ya mlango wa jikoni. Nikavua viatu, nikaweka visigino ukutani. Aliniwekea kiganja utosini, kisha akasita. Alikuwa anatafuta uzi. Nilikuwa nimeupita msumari wenyewe, na uzi uliopimwa kwa ajili ya kukua kwangu ulikuwa umeishia sikioni.

 Papa alikwenda sebuleni, akarudi na ile redio ya lene mikononi, akaiweka mezani mbele ya yule mtoto. Nilidhani atabadili sauti. Alizungusha ushanga, kisha akanitazama mimi.

Nikainama karibu na zile shanga mbili nyeusi.

"Mama," nikasema, "uzi haitoshe. Ongeza."